SOMO LA FAMILIA: KUMUUA SIMBA KWA STAREHE, JE, NI HAKI?

Masomo ya kusoma: 1 Samweli 17:34-36, Zaburi 104:21, Mithali 12:10



Katika vikundi vya vijana tumeulizwa swali gumu. Mtu wa kambini akikutwa na nyama ya porini anapelekwa gerezani. Lakini tajiri kutoka ng'ambo anamuua simba, anapiga naye picha akicheka, kisha anapanda ndege kurudi kwao. Je, hiyo ni haki? Tulichunguze swali hili pamoja bila haraka.

1. UWINDAJI HUU NI NINI?

Hapa hatusemi juu ya mtu anayetafuta mboga. Tunasema juu ya uwindaji wa kitalii. Mgeni hulipa maelfu mengi ya dola, hupewa kibali na kitalu cha kuwindia, na huongozwa na mwindaji bingwa. Nyama ya simba haimhusu. Anachotaka ni nyara, yaani ngozi na kichwa cha kutundika ukutani, pamoja na sifa.

Nchi hazina msimamo mmoja. Kenya ilipiga marufuku uwindaji huu mwaka 1977. Botswana iliusimamisha mwaka 2014, ikauruhusu tena mwaka 2019. Tanzania inauruhusu, ila sheria inataka simba anayewindwa awe dume aliyefikisha miaka 6.

2. HABARI YA SIMBA CECIL

Mwezi wa Julai 2015, daktari wa meno kutoka Marekani alimpiga kwa mshale simba aliyeitwa Cecil, nje kidogo ya Hifadhi ya Hwange huko Zimbabwe. Iliripotiwa kwamba alilipa kama dola 50,000. Cecil alikuwa na miaka 13, na shingoni alikuwa amevaa kola ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford. Mshale wa kwanza haukumuua. Alikaa na jeraha kwa saa nyingi kabla ya kumaliziwa.

Dunia nzima ilipiga kelele. Lakini serikali ya Zimbabwe ilisema karatasi za mgeni zilikuwa sawa, kwa hiyo hakushtakiwa. Mwindaji aliyemwongoza alishtakiwa, na mwaka 2016 mahakama ikaifuta kesi yake. Mwaka 2017 mtoto wa Cecil, aliyeitwa Xanda, naye aliuawa na mwindaji karibu na hifadhi hiyo hiyo.

Tunajifunza nini? Jambo linaweza kuwa na kibali na bado likaisumbua dhamiri.

3. TUWASIKILIZE WANAOUTETEA

Si haki kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Wanaoutetea uwindaji huu wanasema kwamba fedha zake hulipa askari wa wanyamapori, na kwamba pori lisiloingiza kitu litafyekwa liwe mashamba, simba wote wapotee. Wanasema pia kwamba mwanakijiji aliyeliwa ng'ombe atamvumilia simba akiona faida. Huko Zimbabwe, tangu mwaka 1989, mpango wa CAMPFIRE umekusudia kuwagawia wanavijiji mapato hayo.

Hoja hizo zina uzito. Lakini tuulize: je, fedha zinamfikia kweli mama aliyeliwa ng'ombe? Mahali pengi zinaishia njiani.

4. HATARI ZAKE

(a) Kwa simba wenyewe. Dume mwenye familia akiuawa, madume wengine huja kuchukua nafasi yake, na mara nyingi huwaua watoto aliowaacha ili majike wapate mimba tena. Risasi moja inaweza kuua nyumba nzima. Sisi tuliokimbia vita tunajua nyumba inavyokuwa baba akiondolewa. Ndiyo sababu sheria ya miaka 6 iliwekwa, ili dume apate nafasi ya kulea kwanza.

(b) Kwa watu. Mnyama aliyejeruhiwa ni hatari kuliko mzima. Huko India, chui milia jike wa Champawat alihesabiwa kuwa ameua watu 436 kabla Jim Corbett hajamuua mwaka 1907. Corbett alikuta meno yake ya upande mmoja yamevunjwa na risasi ya zamani. Hakuweza tena kukamata mawindo yake ya kawaida, akageukia wanadamu. Mwindaji aliyekosea shabaha alikwenda zake, na wanavijiji wakalipa.

(c) Kwa moyo. Huko Afrika ya Kusini kuna simba waliofugwa ndani ya uzio ili tajiri aje kuwapiga risasi. Mwaka 2021 jopo lililoundwa na serikali ya nchi hiyo lilipendekeza biashara hiyo ikomeshwe. Kumuua mnyama asiye na pa kukimbilia si ushujaa.

5. NENO LINATUFUNDISHA NINI?

Daudi aliua simba, lakini alimuua kwa sababu alikuwa amemnyakua mwanakondoo. Alikuwa anaokoa, hakuwa anacheza. Hapa Tanzania, kati ya mwaka 1990 na 2004, simba waliua watu zaidi ya 560. Wengi walikuwa wakulima wa kusini, na baadhi yao walishikwa wakilala shambani kulinda mazao yasiliwe na nguruwe pori. Anayemuua simba wa namna hiyo anafanya kazi ya Daudi, wala hatumlaumu.

Lakini Zaburi inasema simba nao humwomba Mungu chakula chao, na Mithali inamtambua mwenye haki kwa jinsi anavyojali uhai wa mnyama wake. Tulipewa kutawala kama watunzaji. Kuua ili kujisifu si kutunza.

6. NA SISI KAMBINI?

Mwaka 2008 shirika la TRAFFIC liliandika juu ya wakimbizi wa Kagera na Kigoma, na nyama iliyoitwa "mchicha wa usiku", kwa kuwa ilipikwa gizani. Shirika hilo lilisema wazi kwamba posho haikuwa na nyama. Njaa si starehe, na Mungu anajua tofauti yake.

Hata hivyo, vijana wetu, kosa la tajiri halifanyi mtego wetu uwe halali. Waya uliotegewa paa unamnasa simba pia, naye akiukata anaondoka na jeraha, kisha anakuwa hatari kwa watoto wanaookota kuni. Msikubali kubeba mizigo ya majangili. Msinunue kucha, meno wala mafuta ya simba, hata mkiambiwa ni dawa. Kijana mmoja akikamatwa, familia nzima inabaki bila mtegemezi katika nchi ya ugeni.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Kuna tofauti gani kati ya simba wa Daudi na simba wa Hwange?
2. Je, kila kinachoruhusiwa na sheria ni haki? Toeni mfano.
3. Familia yetu ifanye nini ili kijana asivutwe na fedha za porini?

Bwana awabariki na kuzilinda nyumba zenu.