Gemu Isiyokwisha: Namna ya Kucheza Bila Kuchezewa

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, kete 64 na mwisho. Ukiishiwa kete safu ya mbele, au ukikosa pa kuchezea, umeshindwa; unanyanyuka, mwengine anakaa. Dhumna pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, inakwisha. Karata za barazani zinakwisha. Gemu iliyomo kwenye simu ya mwanao haikwishi, na haikutengenezwa ikwishe.

Kwa hivyo mzazi wa Unguja, au kaka mkubwa aliyeachiwa wadogo zake, asianze na swali la saa ngapi kwa siku. Aanze na maswali mawili: gemu hii inakwishia wapi, na isipokwisha nani anafaidika? Ukiyajibu hayo, mengine yote, pesa, usingizi, bando, yanapata pa kukaa.

Zamani mambo yalikuwa mafupi. Pong ya mwaka 1972 ilikuwa vijiti viwili na kitone, na wa kwanza kufika pointi 11 kashinda. Super Mario Bros. ya 1985 ilienea katika kilobaiti 40 hivi, chini ya picha moja unayotumiwa leo WhatsApp. Ukimwokoa binti mfalme umeimaliza, rudi kwenye mambo yako. Tusizitakase hata hivyo. Zile mashine za gemu za kutia sarafu zilifanywa ngumu kwa makusudi ili ufe haraka utie sarafu nyengine. Tamaa ya muuzaji si mpya. Kilichobadilika ni kwamba gemu imepata macho. Imeunganishwa na intaneti, inajua umeacha saa ngapi, umekwama wapi, umenunua nini, na mtengenezaji anairekebisha mara kwa mara kwa kufuata hayo. Mwaka 2009 mchezo wa FIFA uliongezewa Ultimate Team, ambako mchezaji ananunua pakiti bila ya kujua ndani kuna nani. Mwaka 2012 Candy Crush Saga ikafundisha dunia nzima kusubiri roho, yaani nafasi za kucheza, zijae, au kulipa ili usisubiri. Free Fire ilikuja 2017, PUBG Mobile 2018, zote bure kuingia. Bure hiyo ndiyo ya kuangalia.

Lakini nisionekane nimekuja kukataza. Maendeleo haya yameleta mambo ambayo mimi nayaona makubwa. Gemu kujihifadhi yenyewe, kwa mfano, ni jambo dogo Ulaya. Kwenye kisiwa kinacholetewa umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Bara, na kilichokaa gizani miezi mitatu tangu Disemba 2009, si dogo hata kidogo. Umeme ukikatika sasa hupotezi ulichokijenga. Kisha kuna wenye ulemavu. Mwaka 2018 Microsoft ilitoa Xbox Adaptive Controller, pedi yenye vitufe vipana ambayo mtu asiye na nguvu za vidole anaweza kuunganishia swichi za mguu au za kiwiko. The Last of Us Part II ya 2020 ilikuja na mipangilio zaidi ya 60 ya aina hiyo, na wasioona wameicheza mpaka mwisho. Na tangu 2003, pale Shawn Green na Daphne Bavelier walipochapisha utafiti wao katika jarida la Nature, tunajua kwamba gemu za kasi zinanoa uwezo wa jicho kushika vitu vingi kwa wakati mmoja. Jicho, nasema, haikuandikwa popote kwamba zinafaulisha mtihani.

Hata sisi wenyewe tumo ndani. Katika Civilization VI, Zanzibar ni mji-dola wa biashara. Ukiupelekea wajumbe wengi kuliko wenzako, unakuzawadia mdalasini na karafuu. Civilization IV ya 2005 ilifunguliwa kwa wimbo "Baba Yetu" wa Christopher Tin, ulioimbwa kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo ya Grammy. Kijana anayecheza gemu ya namna hii anapanga miji, anahesabu chakula, anasoma Kiingereza bila ya kusukumwa. Kama mwanao ana hamu ya gemu, mwelekeze huko.

Sasa tuingie kazini.

Kabla ya kupakua gemu yoyote, soma ukurasa wake kwenye Play Store. Chini ya jina huandikwa kama ina matangazo na kama ina ununuzi wa ndani ya programu. Yakiwepo yote mawili na gemu ni bure, jua kwamba kinachouzwa ni muda wa mchezaji. Angalia pia umri uliowekwa. Ukishaipakua, fanya jaribio moja rahisi: zima data, kisha ifungue. Ikifunguka na ikachezeka, hiyo ni gemu ya kukaa nayo. Ukiicheza data ikiwa imezimwa, haitakula bando wala haitaleta mtu usiyemjua. Ikikataa kufunguka bila ya intaneti, kama zinavyokataa Free Fire na eFootball, si lazima uifute, lakini masharti yafuatayo yanaihusu.

La kwanza ni wakati, na hapa ndipo nyumba nyingi zinapogombana bila ya sababu. Mama anaita, "Zima simu, nenda chuoni." Mtoto anajibu, "Mama, siwezi, nimo kwenye raundi!" Mama anasikia ujeuri. Kwa kweli mtoto anasema jambo la kiufundi. Gemu ya zamani ilikuwa na kitufe cha kusimamisha. Mchezo wa watu 50 au 100 walio nchi mbalimbali hausimami kwa sababu ya mtu mmoja. Akitoka katikati, wenzake wa timu wanabaki pungufu, naye anapunguziwa daraja. Mtengenezaji analijua hilo na linamfaa. Dawa yake ni kuacha kupima kwa dakika na kupima kwa raundi. Raundi ya Free Fire ni kiasi cha dakika 10. Ya PUBG Mobile inaweza kufika nusu saa ukibaki hai. Mechi ya mpira kwenye simu ni fupi. Mwambie mtoto, "Mechi mbili," si "nusu saa," na umwambie kabla hajaanza. Nimeona mabishano ya kila siku yakipungua kwa badiliko hili moja tu.

Halafu funga mlango kwa adhana. Sisi tupo digrii 6 kusini mwa ikweta, Maghribi yetu haihami sana mwaka mzima, na mtoto wa hapa siku yake tayari imegawika: skuli, chuo, uwanjani, nyumbani. Kanuni ya "raundi haianzwi ikishakaribia Maghribi" haina haja ya saa wala ya ubishi, na inatekelezwa na msikiti, si na wewe. Usiku simu ilale chumba cha wazee, kwenye chaji. Hili la usiku ningeliweka juu ya yote. Zawadi za kila siku, zile zinazompa mtoto kitu kidogo kila akifungua na kumnyang'anya mfululizo wake akikosa siku moja, humwamsha alfajiri si kwa Swala. Ingia kwenye mipangilio ya simu ukaizimie gemu arifa zake zote, hakuna kitakachopungua.

Simu za Android zina sehemu ya Digital Wellbeing, inayoweka kikomo kwa kila programu. Nzuri kwa mtu mzima anayejidhibiti. Kwa mtoto haitoshi, kwa sababu mwenye simu anaweza kukiondoa kikomo mwenyewe; tumia Family Link ya Google, ambayo ufunguo wake unabaki kwenye simu yako.

Pili ni pesa. Fungua Play Store, gusa picha ya akaunti pale juu, ingia kwenye mipangilio, tafuta uthibitishaji wa ununuzi, na uchague kila ununuzi uombe nywila. Usiweke kadi ya benki kwenye akaunti ambayo mtoto anaitumia, na namba yako ya siri ya pesa za simu isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, maana watoto wanaujua. Usidhani hayo ni ya wazembe. Disemba 2022 kampuni ya Epic Games, wenye Fortnite, ilikubali huko Marekani kulipa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja, baada ya serikali kuwatuhumu kwamba walivipanga vitufe kwa namna iliyowafanya watu wanunue bila ya kukusudia.

Mbinu nyengine ya kuijua ni sarafu za bandia. Gemu haikuuzii shati kwa shilingi. Inakuuzia almasi kwa shilingi, kisha shati kwa almasi, na pale katikati hesabu inapotea. Irudishe. Kabla ya kununua chochote, mtoto aandike kwenye karatasi bei yake kwa shilingi, na aseme ni bakuli ngapi za urojo. Wengi wanaghairi wenyewe.

Pakiti na masanduku ya bahati ni habari nyengine kabisa. Unatoa pesa, hujui utapata nini, unatumaini kikubwa, unapata kidogo, unarudia. Mzanzibari hahitaji wanasheria kumwambia hilo linaitwaje, lakini wanasheria nao wamesema: mwaka 2018 Ubelgiji iliyahukumu masanduku haya kuwa kamari, na Januari 2019 EA, wenye mchezo wa FIFA, ikaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti. Apple inalazimisha tangu Disemba 2017 uwezekano wa kupata kila aina ya kitu uandikwe wazi. Kaa na mtoto, msome pamoja asilimia zile. Na hapa sina maneno mawili: shati la kuchorwa lenye bei yake linaweza kujadiliwa, sanduku la bahati likatazwe.

Kuhusu wageni nitasema kwa kifupi. Gemu nyingi za mtandaoni zina mazungumzo ya sauti na ujumbe, na yanaweza kuzimwa ndani ya mipangilio ya gemu yenyewe. Yazime. Mtoto acheze na anaowajua kwa sura, na jina lake la kwenye gemu lisiwe jina lake la kweli wala la skuli yake.

Na lini uwe na wasiwasi wa kweli? Shirika la Afya Duniani liliuingiza ugonjwa wa uchezaji gemu katika orodha yake mpya ya maradhi, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Ukiyasoma maelezo yake utaona si kila mpenda gemu ni mgonjwa. Kunatakiwa mambo matatu: mtu ashindwe kujizuia, gemu ipewe nafasi ya mbele kuliko shughuli zake nyengine, na aendelee hata pale anapoona inamdhuru, na hali hiyo kwa kawaida iwe ya miezi 12. Kijana anayecheza Ijumaa mchana kisha akaenda ufukweni na wenzake hana maradhi. Anayeacha kula na jamaa, akaacha chuo, akaacha mpira, mpeleke kwa daktari bila ya kumtukana.

Kwa anayependa kupita mipaka ya kucheza akatengeneza gemu yake, njia ipo. Programu ya Scratch, iliyotoka chuo cha MIT mwaka 2007, ni ya bure na ina lugha ya Kiswahili. Mtoto wa miaka tisa anaweza kutengeneza gemu yake ya samaki na nyavu. Mkubwa zaidi apakue programu ya Godot, nayo bure, isiyodai kompyuta ya bei kubwa. Aliyewahi kutengeneza zawadi ya kila siku kwa mkono wake haihusudu tena ya wengine.

Nimeacha vibanda vya gemu kwa makusudi mpaka hapa, kwa sababu kwa rai yangu ndipo mahali bora pa kuchezea katika Mji Mkongwe na Ng'ambo yake. Pedi mbili, televisheni moja, mnaonana macho, mnataniana, aliyefungwa anampisha mwenzake. PlayStation 2, iliyouzwa zaidi ya milioni 155 duniani, ilikuwa na uchezaji huu huu wa bega kwa bega, na maendeleo ya mtandaoni yanauua taratibu. Uchezaji wa vibandani una kasoro moja iliyozoeleka: aliyefungwa ndiye anayelipa mchezo. Hiyo inageuza mechi kuwa dau, na anayelemewa ni mdogo asiyejua kucheza. Basi mwenye kibanda, bandika bei yako ukutani kwa mechi, kila mchezaji alipe nusu yake kabla ya filimbi. Funga kwa muda wa Swala. Na mtoto aliyevaa sare, awe wa mkondo wa asubuhi au wa mchana, usimpe pedi.