Mtoto Hazaliwi Mchafu

MJUKUU: Bibi! Wifi kajifungua alfajiri, na wauguzi wamekataa kumwogesha mtoto. Kajaa utando mweupe!

BIBI: Wamefanya vyema. Mimi nina neno moja tu: huo si uchafu.

MJUKUU: Mtaani wanasema mama alilala na mumewe mimba ikiwa kubwa.

BIBI: Astaghfirullahi! Utando huo hutoka kwenye ngozi ya mtoto mwenyewe, ukamkinga na maji ya tumboni. Wazazi wangapi wametiwa haya kwa uzushi huo? Asiyejua na anyamaze.

MJUKUU: Lakini maji ya vuguvugu yatamdhuru nini?

BIBI: Umewahi kutoka baharini kusi ikivuma? Maji yakikauka mwilini huondoka na joto. Wewe hutetemeka ukapata moto. Kichanga hawezi kutetemeka kama sisi.

MJUKUU: Kama hatetemeki, basi hasikii baridi.

BIBI: Hapo ndipo mnapowaponza! Baridi anaisikia, ila jiko lake liko kwingine. Shingoni, kati ya mabega na kuzunguka figo amezaliwa na mafuta ya kahawia. Akipoa, huyachoma. Kuyachoma kunakula sukari na oksijeni, na akiba yenyewe haba. Ya mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, ni haba zaidi. Ukimwogesha, anachoma. Ukimwacha na nywele mbichi, anachoma. Sukari ikishuka hulegea, ashindwe kunyonya. Asiponyonya, kuni mpya atazipata wapi? Nimekwambia: anachoma akiba yake.

MJUKUU: Tumfanyeje, basi?

BIBI: Mkausheni kwa khanga kavu, utando msiusugue. Alale kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, khanga nyingine juu yao. Joto lake liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Shirika la Afya Duniani linataka kuoga kungoje saa 24.

MJUKUU: Mama yangu ameshachemsha maji. Anaogopa wageni watasema.

BIBI: Maji hayo mzazi aoge yeye. Mikono hii imepokea watoto miaka 30, na sijaona mgeni aliyelala macho na mtoto wa mwenziwe aliyepoa. Mtoto hazaliwi mchafu, huzaliwa amelowa. Nenda upesi, ufike kabla ya beseni.