Darsa ya Mimea: Mtende Usiozaa

Ndugu zetu wasomaji, imetufikia katika darsa yetu barua ya ndugu mmoja mwenye shamba kando ya mto Tana, si mbali na mji wa Garissa. Asema kwamba alipanda kokwa za tende alizozila mwezi wa Ramadhani, akazitilia maji ya pampu miaka saba, na katika hizo ikasimama mitende minane. Minne ilizaa tende chache chache. Minne haikuzaa kamwe, ilitoa maua tu. Mwaka jana akaona maji ni ghali, akaikata mitatu katika hiyo isiyozaa. Mwaka huu ile minne iliyokuwa ikizaa imetoa vitunda vidogo, vitatu vitatu mahali pamoja, visivyo na kokwa wala utamu, navyo vyaanguka vingali vibichi. Jirani zake wamemwambia ni jicho la hasidi, na yuko aliyejitolea kumwandikia hirizi ya kufunga kila mti. Naye atuuliza mawili: je, azifunge? Na ule mmoja usiozaa uliobaki, ulio pembeni mwa boma la mbuzi, aukate pia?

Jawabu ni kwamba asifunge, wala asikate. Husuda ipo, hatuikanushi. Walakini si kila jambo tusilolijua sababu yake tulitupie husuda. Mitende yake haina ugonjwa wala haikurogwa. Imekosa waume.

Yatupasa kwanza tufahamu ua ni kitu gani, kwani wengi hudhani kuwa ni pambo la mti. Ua ni mahali pa kuzalia. Ndani yake mna sehemu ya kiume, nayo ni vijiti vyembamba vyenye vifuko vya unga nchani. Unga huo, ambao mara nyingi ni wa manjano, huitwa chavua. Na mna sehemu ya kike: chini mna kifuko chenye vijiyai, na juu yake mna ncha yenye kunata, ambayo kazi yake ni kuipokea chavua. Chembe ya chavua ikiangukia hapo hutoa kijibomba chembamba mno, kikashuka mpaka ndani ya kile kifuko, kikachukua mbegu mbili za kiume. Moja huungana na yai, ikawa kimea kichanga. Ya pili huungana na chembe kubwa ya katikati, ikawa chakula cha huyo mchanga. Muungano huu wa mara mbili haukujulikana mpaka mwaka 1898, alipougundua mtaalamu Sergei Nawaschin katika mji wa Kiev. Kisha kijiyai hugeuka mbegu, na kifuko hukua kikawa tunda. Hata sima tuilayo kila siku, sehemu yake kubwa ni akiba aliyowekewa mtoto wa mhindi, nasi tumemtangulia kuila.

Mwenye kutaka kuyaona haya kwa macho yake na achukue kokwa ya tende. Mgongoni mwake, upande usio na mfereji, ataona alama ndogo ya duara. Hiyo ndiyo iitwayo naqir katika Qur'ani, kama vile uzi ulio ndani ya mfereji huitwa fatil, na utando mwembamba unaoizunguka kokwa huitwa qitmir. Majina haya tumeyahifadhi tangu chuoni kuwa ni mifano ya kitu kidogo kisicho na thamani, na ni wachache kati yetu waliowahi kuigeuza kokwa wakatazama. Chini ya hiyo naqir ndipo alipolala mtoto wa mtende, na hapo ndipo atokeapo akipandwa. Sehemu iliyobaki, ngumu kama mfupa, ni chakula chake.

Sasa, miti haikuumbwa kwa mpango mmoja. Mingi ina dume na jike ndani ya ua moja. Mhindi una maua ya kiume kileleni na ya kike kwenye gunzi. Kila unywele wa ndevu za hindi waongoza kwenye punje moja, na unywele usiopata chavua punje yake haipo, ndiyo maana mwaona magunzi yenye mapengo. Tikiti maji, linalolimwa sana kando ya Tana, lina maua mbali mbali katika mtambaa mmoja, na lile la kike hujulikana kwa kitikiti kidogo kilicho nyuma yake. Chavua ya tikiti ni nzito, yanata, haichukuliwi na upepo. Huchukuliwa na nyuki, na ua lenyewe hufunguka siku moja tu. Kwa hiyo mkulima anyunyizaye dawa ya wadudu asubuhi, maua yakiwa wazi, huwaua wakunga wake mwenyewe, kisha akashangaa matikiti kuwa machache na yaliyopinda.

Mtende uko mbali na hiyo yote. Mti mzima ni dume au mti mzima ni jike. Si wa peke yake katika hilo: mikoma iliyojaa kando ya mto huo huo ni vivyo hivyo, na kila mchungaji ajua kuwa iko mikoma isiyopata kuzaa hata mara moja. Waarabu huuita mtende wa kiume fahl, na neno hilo hilo ndilo tuliloligeuza sisi likawa fahali. Basi na tumuulize ndugu yetu: ni mfugaji gani wa Balambala au Dadaab atakayechinja madume yote ya ngamia wake kwa sababu hayatoi maziwa, kisha akalaumu jicho kwa kuwa majike hayazai?

Ua la kike la mtende lina vifuko vitatu. Likipata chavua, kimoja hukua kikawa tende na viwili huanguka. Lisipoipata, vyote vitatu huvimba kidogo pamoja, bila kokwa. Ndivyo hasa alivyoviona ndugu yetu. Zamani madume yake manne yalikuwa yakisaidiwa na upepo, akapata tende chache. Na huo mmoja uliobaki uko upande ambao upepo hauelekei kwenye majike.

Wenye mitende hawakuutegemea upepo tangu kale. Watu wa Madina walikuwa wakipanda juu na kuyatia majike maua ya kiume. Imepokewa katika Sahihi ya Imamu Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliwapitia wakifanya hivyo akasema kuwa hadhani kama kwafaa kitu, wakaacha, mazao yakapungua, naye alipopashwa habari akawaeleza kuwa wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Aliyeleta hirizi na aisome habari hiyo kabla ya kudai ujira wake.

Kazi yenyewe ni hii. Karara la dume likianza kupasuka, likatwe, na nyuzi zake zianikwe kivulini juu ya karatasi. Karara la jike likifunguka, katika siku mbili tatu za mwanzo, zichukuliwe nyuzi tatu hadi tano za dume, zikung'utwe juu ya maua ya kike, kisha zipachikwe katikati yake vichwa chini na kufungwa kwa ukuti. Mvua ikinyesha mara baada ya hapo, irudiwe. Dume likitangulia kuchanua, unga wake ukaushwe vizuri na utiwe katika chupa kavu mpaka majike yawe tayari.

Dume mmoja, kwa njia hii ya mkono, watosha majike kama hamsini. Kwa hiyo ndugu yetu hakukosea alipoona kwamba madume manne kwa majike manne ni israfu ya maji. Amekosea kuyaita tasa. Tena asipande kokwa mara nyingine. Kokwa haionyeshi ni dume au jike, karibu nusu hutoka madume, na mtu hajui mpaka mti uchanue, labda baada ya miaka mitano au zaidi ya kuununulia mafuta ya pampu. Na achukue machipukizi yaotayo chini ya jike lililo jema, kwani chipukizi hufuata mama yake kwa jinsia na kwa utamu. Au anunue miche iliyooteshwa maabarani ambayo jinsia yake yajulikana.

Ama ule mtende wa pembeni, ndio huo dume wake wa pekee. Autilie maji kama mingine, na mbuzi awahamishie mahali pengine, wasije wakautafuna.