Udugu Katika Biashara: Funzo Kutoka Kitengela

Mmoja katika wanafunzi wa darasa letu aliuliza swali lililowanyamazisha wakubwa waliokuwapo: kwa nini maduka ya wazee wetu wa pwani hufa pamoja na wenyewe, hali wana wao wamesoma kuliko wao na wana macho ya kuona mambo mapya? Jawabu ya haraka ni kusema kwamba vijana ni wavivu. Hiyo si jawabu, hayo ni matukano. Nimeona bora tuitafute mbali kidogo na nyumbani, huko Kitengela na Kajiado, kwani mtu huona upesi kosa la jirani, kisha akirudi kwake hulitambua.

Atokaye Mombasa kwa reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, akashuka Athi River, huwa amekwisha kuikaribia Kitengela, iliyo kando ya njia kuu iendayo Kajiado na Namanga. Zamani yalikuwa malisho ya Wamasai. Kwa sheria ya mwaka 1968 ardhi iliandikwa kwa makundi, watu wengi katika hati moja; kisha ranchi ya Kitengela ikagawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akashika kipande chake. Lililokuwa jambo la kundi likawa jambo la nyumba. Aliyeandikwa aghlabu alikuwa baba, na tangu hapo kuuza, kupangisha, kujenga au kubadili mifugo yakawa maamuzi baina ya baba na wanawe. Wako waliouza, fedha zikaisha, na leo watoto wao wapita mbele ya majumba ya watu wengine. Wako pia walioafikiana nyumbani wakashika njia nyingine. Mwaka 2000, mathalan, ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa eka kwa mwaka ili wasizungushe ua, wanyama wa mbuga ya Nairobi wapate kupita. Malipo yaligawanywa mara tatu kwa mwaka, yakilingana na wakati wa ada za shule. Fedha ijayo wakati mama anaulizwa ada ya mtoto, mama huijua. Na fedha anayoijua mama haipotei njiani kwa wepesi.

Tutazame sasa zizi lenyewe, kwani zizi nalo ni biashara ya jamaa, tena ya kale kuliko duka. Ng'ombe ni wa baba, lakini kila mke ana wake awakamao, na mwana hutazamia urithi wake kwa upande wa nyumba ya mama yake. Kijana aliyesoma hutaka fahali wa Sahiwal, ng'ombe wa asili ya Punjab walioletwa Kenya zama za Waingereza, kwa kuwa uzao wake una uzito na maziwa kushinda ng'ombe wa kienyeji. Baba hukataa. Kijana husema, mzee hapendi maendeleo. Lakini baba ameona ukame wa mwaka 2009, na ameuona tena ule uliofika ukali wake mwaka 2022, ng'ombe wakilala njiani wasiamke. Ajua kwamba mnyama mkubwa ataka malisho mengi, na kwamba yule mdogo wa kienyeji huvumilia njaa na mwendo mrefu. Basi kukataa kwake ni ilimu, na kutaka kwa mwanawe ni ilimu. Kinachokosekana ni mahali pa ilimu hizi mbili kukutana pasipo mmoja kumvunjia mwenziwe heshima. Panapokuwa na akili, jambo huanza kwa nyumba moja: ng'ombe wachache wa mama mmoja hupandishwa kwa fahali mpya, na zizi lililobaki huachwa kama lilivyo. Likiharibika, hasara ni ya wachache. Likifaa, hakuna haja ya kubishana, kwani baba mwenyewe atayaona maziwa.

Mfano wa pili si wa Wamasai wala si wa Waislamu, lakini funzo huchukuliwa lilipo. Ukingoni mwa mbuga ile ile, upande wa Kajiado, Nani Croze, mchoraji mzaliwa wa Ujerumani, alianzisha karakana ya vioo vya rangi, vile vipande viungwavyo vikawa picha za madirishani. Mwanawe Anselm hakuishika kazi ya mama kama ilivyokuwa, wala hakuivunja. Alijenga tanuri lake, akawa ayeyusha vioo vikuukuu na kuvipuliza vikawa bilauri, mitungi na taa. Kazi mbili, milango miwili, jina moja la Kitengela. Mimi naona siri iko katika ile milango miwili. Lau kijana angalitaka kupuliza vioo juu ya meza ya mama yake, kila bilauri iliyopasuka ingalikuwa ugomvi. Na lau angalikwenda zake mbali kabisa, angalikosa wanunuzi waliokwisha kuijua njia ya vumbi iendayo pale.

Mfano wa tatu ni mchungu. Watu wa Kitengela wayajua vizuri majina ya Tuskys na Naivas, maduka makubwa yaliyotoka upande wa Nakuru, kila moja likianza kama mali ya jamaa. Tuskys iliasisiwa na Joram Kamau, aliyefariki mwaka 2002 akawaachia watoto wake. Maduka yalizidi kuenea, lakini mwaka 2012 ugomvi wa ndugu ukafika mahakamani, wakishutumiana kwa fedha za kampuni. Kufika mwaka 2020 wauzaji jumla na wenye majumba walikuwa wakidai na hawalipwi, na matawi yakafungwa moja baada ya moja. Zilikuwako na sababu nyingine, sikatai. Hata Nakumatt, nayo ya jamaa, ilizama kwa madeni. Lakini ndugu wasioaminiana huwa hawawezi kukubaliana hata juu ya rafu mpya, kwani kila pendekezo hutazamwa limetoka kwa nani kabla ya kutazamwa lina faida gani. Naivas nao walifikishana mahakamani, ndugu kwa ndugu, baada ya kufariki baba yao Peter Mukuha mwaka 2010. Ila wao mwaka 2020 waliuza asilimia 30 kwa wenye mitaji kutoka nje, na mgeni akiingia mezani hesabu sharti iandikwe kwa hati isomekayo.

Nirudi kwetu. Marehemu baba yangu alikuwa na duka la nguo. Ndugu yangu mkubwa alimshauri aweke nguo za kushonwa tayari, kwa kuwa watu walikuwa wameacha kununua vitambaa. Hakumwambia mara mbili. Aliona haya, na baba aliidhania haya ile kuwa ni ridhaa. Miaka sita walikaa hivyo katika chumba kimoja, kila mmoja akimpenda mwenziwe na duka likififia. Sote tulikuwa tukisifiwa mjini kwa adabu yetu.

Kwa hiyo namwambia yule mwanafunzi kwamba udugu wenyewe si kikwazo. Ndugu hungoja faida miaka ambayo mgeni hawezi kungoja, na hufanya kazi usiku bila kuuliza ujira. Kikwazo ni kuiacha mali bila mipaka kwa hoja ya kwamba sote ni kitu kimoja. Sheria yetu imekwisha kutupa mlango: baba aweza kumpa mwanawe mtaji kwa mudharaba, faida wakagawana kwa fungu walilopatana, na hasara ya mtaji, pasipo uzembe wala khiyana, ikawa juu ya mwenye mali. Kijana apate rafu moja au chumba kimoja, na daftari lake mbali. Na iandikwe, kwani amri ya kuandika deni imo katika Suratul Baqara, aya ya 282, wala haikuwatoa baba na mwana.

Jambo moja limebaki, nalo husahauliwa hata na wenye kusoma. Siku ya mirathi binti ana fungu lake katika duka, lakini siku za uhai wa baba haitwi kwenye mashauri. Hupewa sehemu ya kitu ambacho hakuwahi kuonyeshwa hesabu yake, kisha ataka kuuza, na ndugu zake hushangaa. Katika nyumba nyingi hivi leo binti ndiye ajuaye kupokea malipo kwa simu, na ndiye aandikaye madeni ya wateja. Siku baba atakapoketi na wanawe kulitazama daftari, na yeye aitwe, akae, aulizwe nguo zipi zimelala rafuni tangu Idi iliyopita.