Intaneti ya waya imekataa kwa Linux? Anza na kebo

Mteja amelipa kwa till, lakini kompyuta ya duka haifungui ukurasa wa malipo. Usimwambie alipe tena! Malipo yake yamepitia mtandao wa simu, si kebo yako. Angalia SMS kwanza.

Sasa tucheki kebo. Taa ndogo pale inapochomekwa inawaka? Kama haiwaki, jaribu kebo nyingine au tundu lingine la ruta. Mara nyingi shida ni hiyo tu.

Bado? Fungua terminal, andika ip a. Ukiona NO-CARRIER, kompyuta haioni waya. Kama chini ya eth0 au enp hakuna inet, ruta haijakupa anwani; izime, uiwashe tena. Kisha andika ping 8.8.8.8. Ikijibu lakini tovuti hazifunguki, shida ni DNS: weka 1.1.1.1 kwenye mipangilio ya mtandao.