Somo la Wamama: Chakula cha Mavuno na Mkate wa Boga

Hapa Kivu tunavuna maharagwe karibu na mwezi wa 1, na tena karibu na mwezi wa 6. Wakati ule maboga yanalala pembeni ya nyumba, karanga zinakauka juu ya kirago, na kila jioni chungu kinanukia. Mtu angefikiri kwamba watoto wote wananona sasa. Lakini sisi wenye kupima watoto tunaona wengine ambao uzito wao unashuka katikati ya mavuno. Sababu gani?

Siku moja mama mmoja alileta mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Miguu yake ilivimba, nywele zilikuwa nyekundu na nyepesi, naye hakutaka kucheza hata kidogo. Nikauliza:

— Mama, huyu mutoto anakulaka nini?

— Bugali, muganga. Na sombe kidogo.

— Na maharagwe? Hamukuvuna?

— Tulivuna mingi. Tuliuzisha yote sababu ya minervali ya wakubwa wake.

— Kuku haiko?

— Kuku iko. Mayai tunauzisha, tunamununulia bisikuti.

Mama huyu hakuwa mvivu, wala hakukosa upendo. Bisikuti aliinunua kwa upendo. Lakini yai lilitoka nyumbani, na mahali pake pakaingia unga na sukari tu. Tena mtoto alikuwa ameondolewa kwa ziwa kwa sababu mimba ingine ilifika. Ugonjwa wake ni ule tunaoita bwaki. Waganga wanauita kwashiorkor, na jina hilo halikutoka Ulaya. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi kule Gold Coast (leo Ghana), aliliandika jinsi alivyolisikia kwa wamama wenyewe: ni ugonjwa wa mtoto mkubwa wakati mdogo wake anazaliwa. Wamama walikuwa wamejua mbele ya waganga.

Basi, tufanye nini? Siwezi kukuambia usiuze. Chumvi, sabuni, masomo, vyote vinaomba feza. Lakini mbele mfuko haujaenda sokoni, toa kwanza sehemu ya nyumba. Ukipima kikombe kimoja cha maharagwe kwa kila siku, miezi mitano ni vikombe 150. Kama kikombe kinabeba gramu 200, ni kilo 30. Zitie katika mfuko wake peke yake, ufunge, umwonyeshe na baba. Mfuko usiokuwa na jina unauzwa upesi! Fanya vile vile na karanga, lakini uzichague vizuri. Karanga yenye ukungu usipike, usisage, wala usimpe mtoto; sumu yake inaharibu ini, na moto wa jikoni hauiondoi.

Bugali ya muhogo inashibisha, lakini inajenga mwili kidogo sana. Maharagwe, karanga, soya, mayai na ndagala ndivyo vinavyojenga. Boga lenye nyama ya manjano linalinda macho na kusaidia mwili kupigana na magonjwa. Ulitilie mafuta kidogo, sababu bila mafuta mwili hauchukui vizuri ile dawa iliyo ndani ya boga. Mafuta ya ngazi mekundu ni mazuri sana kwa kazi hiyo. Na mbegu usitupe: uzikauke, uzikaange, uzitwange, utie ndani ya mboga.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, pika uji wa unga wa mahindi vijiko 3, karanga iliyokaangwa na kusagwa laini kijiko 1, boga lililopondwa vijiko 2, na mafuta kijiko kidogo. Uji ukae juu ya kijiko. Ukitiririka kama maji, tumbo linajaa bure. Na ziwa liendelee mpaka miaka 2 au zaidi.

Sasa mkate. Nilipokuwa kijana nilifundisha wamama keki niliyojifunza katika kitabu, yenye siagi na furu ya umeme. Mama mzee mmoja akauliza, "Furu iko wapi?" Wote wakacheka, na mimi nikaona haya. Yeye ndiye aliyenionyesha njia ya makala, nayo ndiyo ninayofundisha hata leo.

Twaa boga lililopikwa na kupondwa, vikombe 2, lisiwe na maji mengi. Ponda ndani yake ndizi mbili zilizoiva sana. Ndizo sukari yetu. Piga mayai 2, utie na mafuta vijiko 4 na chumvi kidogo. Ongeza unga wa mahindi vikombe 2 na unga wa soya nusu kikombe. Soya iwe imekaangwa kwanza, maana soya mbichi inasumbua tumbo. Paka sufuria ndogo mafuta, tandika jani la mgomba, umimine. Weka mawe matatu madogo ndani ya sufuria kubwa kavu, juu yake ile ndogo, funika. Makala machache chini, mengi juu ya kifuniko. Hapo ndipo wengi wanaharibu: wanaweka moto mkali chini, mkate unaungua chini na juu unabaki mbichi. Kisha dakika 45 hivi, choma kwa kisu. Kikitoka kikavu, umeiva. Ni mkate mzito, haufuri kama ule wa boulangerie, lakini watoto wanaupenda. Uliwe siku ile ile, au kesho asubuhi.

Neno moja la miguu. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili ya mtoto, hesabu polepole mpaka tatu, kisha ondoa. Kama shimo linabaki kwa miguu yote miwili, hapo uji wa nyumbani peke yake hautoshi. Mlete hospitalini siku ile ile, hata kama siku ya kupima uzito haijafika.