Unavuka Mpaka na Gari la Dizeli? Anza na Pesa, Kisha Tanki

Mwaka juzi nilimsindikiza mjomba kununua vitunguu Mang'ola, kule bonde la Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania. Kama unakula vitunguu Nairobi, huenda umeshakula vya huko bila kujua. Pikapu yake ni ya dizeli, tanki lita 80, na alijaza Kitengela kabla hatujashika barabara ya Namanga. Hesabu ilikuwa rahisi: tunaongeza Arusha, tunaongeza tena Karatu, tunarudi nyumbani. Simu yangu ilikuwa na pesa za kutosha. Mimi nafanya kazi kwenye kampuni ya malipo ya simu, kwa hiyo nilijiona mjanja. Nikifika kituo chochote nitaomba namba, nilipe, twende.

Arusha tulilipa keshi, zile shilingi tulizobadilisha mpakani. Tulipofika Karatu keshi iliyobaki ilikuwa ya chakula na ushuru wa mazao. Kijana wa pampu aliniuliza kwa upole, "Dada, unalipa kwa Lipa Namba au keshi?" Nikamwambia nina pesa kwenye simu. Akanionyesha namba yao, nikaiingiza kwenye laini yangu ya Kenya, ikakataa. Nikarudia. Ikakataa tena, na nyuma yetu foleni imeanza kupiga honi.

Mjomba akasema tusonge, mafuta yaliyopo yatatufikisha. Kweli yalitufikisha Mang'ola, lakini hayangeturudisha. Kijijini kuna jamaa aliyekuwa na dizeli kwenye madumu, na alikubali shilingi za Kenya. Tukachukua lita 40. Kesho yake asubuhi, mzigo umeshapakiwa, gari likaanza kukosa nguvu kwenye mwinuko wa kurudi Karatu. Taa ya maji ya filta ikawaka. Halafu likazima kabisa.

Fundi aliposhusha tanki alitoa maji, na harufu ya mafuta ya taa ilikuwa wazi hata kwangu. Filta mpya, kusafisha mabomba, siku mbili za kulala, shilingi 240,000 za Tanzania, na vitunguu juani wakati wote huo. Mjomba hakunilaumu. Alinyamaza tu, na kwa mjomba wangu hiyo ni mbaya zaidi.

Nikiwa nimekaa pale gereji ndipo nilipoelewa kwamba kituo cha Karatu hakikuwa na shida yoyote. Dizeli nzuri ilikuwepo, mita mbili kutoka kwenye tanki letu. Tuliikosa kwa sababu hatukuwa na pesa inayokubalika pale, tukaishia kununua kwa yeyote aliyekubali pesa tuliyokuwa nayo.

Je, dizeli ya jirani ni tofauti na yetu?

Watu wengi huniuliza hivi, hasa wenye magari ya dizeli ya kisasa yaliyotoka Japani, yale yenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Wana haki ya kuuliza. Salfa nyingi kwenye dizeli huziba kile kichujio na kufupisha maisha ya injini, na bei ya kichujio kipya si mchezo.

Habari njema ni kwamba mnamo Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki za wakati huo, yaani Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, zilianza kutumia kiwango kimoja: dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Kabla ya hapo tulikuwa tukiruhusu hadi 500. Isitoshe, sehemu kubwa ya mafuta ya Uganda hushushwa Mombasa na kupita kwenye bomba lile lile linaloleta yetu. Kwa hiyo ukivuka Malaba au Busia, usiogope dizeli ya Uganda kwa sababu tu ni ya Uganda. Ukitoka nje ya nchi hizo tano, uliza kwanza, tena umuulize fundi wa gari la aina yako kabla hujaondoka nyumbani.

Mafuta huharibikia njiani kutoka depo hadi kwenye tanki lako. Mtu anachanganya dizeli na mafuta ya taa kwa sababu ya bei. Hapa Kenya tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuchanganya kusiwe na faida. Mafuta ya taa hayalainishi vyuma kama dizeli, na pampu na nozeli hutegemea dizeli yenyewe kulainishwa. Maji nayo huingia kwenye tanki la kituo lililozeeka, au kwenye dumu lililokaa nje usiku kucha.

Kuna jaribio moja dogo. Weka dizeli kidogo kwenye chupa safi ya kioo, iache itulie dakika kadhaa, kisha iangalie kwenye mwanga. Dizeli nzuri huonekana angavu. Ikiwa na ukungu, au kuna tabaka limekaa chini, hayo ni maji. Ila mafuta ya taa hutayaona kwa macho. Ndiyo maana mamlaka za nishati huweka alama ya kemikali kwenye mafuta na kuja na vifaa vya kupimia vituoni. Wewe huna kifaa hicho, kwa hiyo chagua kituo chenye magari mengi, hasa malori na mabasi. Dizeli hapo haikai. Na dereva wa basi anayepita barabara hiyo kila siku anajua mengi kuliko programu yoyote ya simu. Msalimie vizuri, umuulize.

Jina ni nini?

Tanzania utaelewana tu: dizeli ni dizeli. Utasikia wakiita kituo chochote cha mafuta "sheli", hata kama bango lina jina lingine kabisa, kwa hiyo ukielekezwa "sheli ile pale mbele" usitafute nembo fulani.

Rwanda ni hadithi nyingine. Kwa Kinyarwanda dizeli ni mazutu na petroli yetu ni lisansi. Hapa kuna mtego: peteroli ya huko ni mafuta ya taa! Ukiwa na gari la dizeli, sema mazutu, onyesha kifuniko cha tanki, na ubaki nje ya gari ukiangalia mkono wa pampu. Rangi ya mkono isikudanganye. Uingereza kijani ni petroli, ilhali Marekani vituo vingi vimeupa dizeli mkono wa kijani. Soma maandishi kwenye pampu. Na ikitokea wamekosea wakaweka petroli, usiwashe gari hata kidogo, hata kulisogeza tu kando. Lisukumeni, tanki litolewe mafuta hapo hapo.

Sasa tuje kwenye pesa

Namba ya till au paybill ya Kenya ni ya wafanyabiashara waliosajiliwa Kenya. Lipa Namba ya Tanzania ni ya mfumo wa Tanzania. Uganda nako wafanyabiashara wana namba zao. Hata pale jina la huduma linapofanana pande zote mbili za mpaka, pochi ni mbili na sarafu ni mbili. Nilijua hili kazini. Barabarani nililisahau.

Ninachofanya siku hizi ni hiki. Nikivuka naenda dukani na pasipoti, nasajili laini ya nchi ile na kufungua pochi ya simu kwa jina langu. Halafu kutoka kwenye laini ya Kenya natuma pesa kwenda kwenye namba ile mpya, kwa huduma ya kutuma nje ya nchi. Kabla ya kuthibitisha, skrini hukuonyesha ada na kiasi ambacho mpokeaji atapata kwa sarafu yake. Usibonyeze haraka haraka, hapo ndipo pesa zako zinapobadilishwa. Tuma kidogo kwanza, uone imefika, ndipo utume nyingine. Ukimaliza, kila sheli yenye Lipa Namba ni yako.

Fanya hesabu hii ukiwa bado mpakani. Tuseme dizeli ni shilingi 2,800 za Tanzania kwa lita na unahitaji lita 60. Hiyo ni 168,000. Ukibadilisha kwa 19, umetumia shilingi 8,842 za Kenya. Yule kijana wa Namanga mwenye bunda mkononi akikupa 17.5, umetumia 9,600. Ni 758 zimekwenda na bado hujasogea hata kilomita moja. Namba hizi ni za mfano tu, viwango hubadilika, lakini njia ya kuhesabu ni hiyo hiyo: gawa bei yote kwa kiwango ulichopewa, ulinganishe.

Usitegemee pia kulipa kwa shilingi za Kenya ukiwa ndani ya Tanzania. Tangu Machi 2025 kanuni zao zinakataza kutoza bei au kulipana kwa fedha za kigeni kwa biashara za ndani, kwa hiyo mhudumu anayekukatalia anafuata sheria. Beba keshi kidogo ya nchi ile, ya kutosha robo ya tanki, kwa siku mtandao ukilala.

Bei nayo ujue inavyopangwa. Kwetu EPRA hutangaza tarehe 14 ya kila mwezi. Tanzania EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa kila wilaya, na ukiwa na laini ya huko unapiga *152*00# bila malipo na kufuata maelekezo. Ukiona bango la kituo limepita bei hiyo, endelea na safari. Uganda serikali haipangi bei, kwa hiyo vituo viwili vinavyotazamana vinaweza kutofautiana. Huko ni kuangalia mabango tu.

Kwenye pampu

Sema kiasi kwa pesa au lita kabla hajaanza, na uhakikishe mita iko sifuri. Ukiingiza Lipa Namba, litatokea jina la biashara. Lilinganishe na jina la kituo kabla ya kuweka PIN. Mhudumu akisema "lipa kwenye hii namba yangu, ya kituo inasumbua", lipa keshi au ondoka. Simu yako usimpe mtu akusaidie kubonyeza, hata awe mpole namna gani.

Kisha omba risiti ya EFD. Ujumbe wa simu unaonyesha kwamba umelipa, lakini risiti ndiyo inayoonyesha umenunua nini, lita ngapi na kituo gani. EWURA yenyewe huwaambia wanunuzi watunze risiti, kwa sababu ndiyo ushahidi endapo umeuziwa juu ya bei kikomo au umeuziwa mafuta yasiyofaa. Na kama mwenyeji amekulipia kwa laini yake, ujumbe utaingia kwake, hautaingia kwako. Risiti ya karatasi ichukue wewe, uipige picha pia, maana zile karatasi hufifia zikikaa juani kwenye dashibodi. Mjomba na mimi hatukuwa na karatasi yoyote. Nani angetoa risiti ya dumu?

Ukirudi, usivuke na pesa nyingi kwenye ile pochi ya ugenini. Jaza tanki kwa salio lililobaki, au toa kwa wakala ukiwa bado upande wa kule. Laini yenyewe itunze na uitumie mara kwa mara, maana laini zisizotumika kwa muda mrefu hufungwa.

Mwezi uliopita mjomba alikwenda tena Mang'ola, safari hii na binamu yangu. Alinipigia simu kutoka Karatu, tanki limejaa, risiti mfukoni. Aliniambia pia amebeba chupa tupu ya soda, ya kioo, chini ya kiti cha dereva, na kwamba kijana wa pampu alicheka alipoitoa, kisha akamwekea dizeli kidogo aiangalie.